Jumuiya isigeuke ofisi ya makusanyo: tuliyoyaona Arusha watalii walipotoweka

Mwanajumuiya_Arusha (mwanzisha uzi)

Tumsifu Yesu Kristo ndugu zangu. Na ninyi wa madhehebu mengine karibuni, naamini jambo hili linawagusa pia.

Nimeshakabidhi uenyekiti wa jumuiya kwa mwingine, kwa hiyo nasema kama muumini wa kawaida. Neno langu ni moja: shida inapoingia mtaani, wa kwanza kukosekana jumuiyani ni yule anayeihitaji kuliko wote. Na mara nyingi kinachomkimbiza ni daftari letu la michango.

Kwa wasiofahamu, jumuiya ndogo ndogo za Kanisa Katoliki ni kaya chache za majirani wanaokutana kila wiki, kwetu ni Jumamosi alfajiri, nyumba kwa nyumba. Mnasoma Injili ya Jumapili inayokuja, kila mmoja anasema neno lililomgusa, mnaombea wagonjwa, mnapanga nani atembelewe. Maaskofu wa Afrika Mashariki katika umoja wao wa AMECEA waliliweka hili kuwa kipaumbele kwenye mikutano yao ya 1973 na 1976. Walitaka Kanisa lifike pale jirani anapojua jirani yake amelala na njaa. Parokia yenye maelfu ya waamini haiwezi kujua hilo, hata paroko awe mtakatifu kiasi gani.

Ila miaka ilivyokwenda jumuiya ikabebeshwa mizigo mingine. Ubatizo wa mtoto unapitia kwa mwenyekiti. Ndoa vivyo hivyo, na mazishi. Mchango ukitoka jimboni unashuka parokiani, kigangoni, kwenye kanda, mwisho unatua jumuiyani ukiwa na tarehe ya mwisho. Sahihi ya mwenyekiti ikawa kitu kizito mno. Na mahali pengi dakika za Injili zikapungua, dakika za matangazo na makusanyo zikaongezeka. Anayebisha aende Jumamosi na saa mkononi.

Sasa njooni Arusha mwaka 2020. Jumuiya yetu ni ya watu wa utalii: madereva, waongoza wageni, wapishi wa kambini, wapagazi, wahudumu wa hoteli, mama anayefua mashuka ya nyumba za wageni, kijana anayeuza vinyago. Machi 16 ikatangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona nchini amepatikana, na ni hapa hapa kwetu. Safari zikafutwa moja baada ya nyingine, kisha ndege za nje zikasitishwa kabisa mpaka Mei. Mwaka 2019 nchi ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 hawakuvuka sana 620,000. Hizo ni takwimu za taifa. Mtaani kwetu maana yake ilikuwa kwamba nyumba tatu zinazopakana zote hazina mshahara.

Makanisa yetu hayakufungwa kama ya nchi jirani. Mlangoni iliwekwa ndoo ya maji na sabuni, vyombo vya maji ya baraka vikakaushwa, amani tukatakiana kwa kuinamisha vichwa, Komunyo tukapokea mkononi. Mtu wa nje angeona Misa zinaendelea akadhani mambo ni shwari.

Kulikuwa na dereva mmoja ambaye ndiye aliyekuwa nguzo yetu. Mchango ukipungua, anamalizia yeye. Msiba ukitokea, gari lake ndilo linabeba wazee. Kufika Juni hakuonekana tena, wala mkewe. Watu wakaanza kusema amelegea imani. Mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, akaenda kwake na mkungu wa ndizi, hakusema ametumwa na nani. Alichokikuta ni sebule tupu, makochi yamekwisha kuuzwa, watoto wanashindia uji. Yule baba akamwambia hawezi kukaa kwenye kikao ambacho majina ya wasiotoa yatasomwa na la kwake limo, na hapo hapo watu wanakumbuka alivyokuwa akitoa.

Neno hilo liliibadilisha jumuiya yetu. Kwanza tuliacha kusoma majina. Daftari likabaki kwa mhazini, anayetaka kujua hesabu yake anamfuata mwenyewe. Halafu tukagawana kaya kwa vichochoro, kila familia ikapewa majirani wawili au watatu wa kuwatazama. Kuwatazama tu: nani hajatoka nje, nani anakohoa, jiko la nani haliwaki. Taarifa zilikuwa zinakwenda kwa watu wawili, mwenyekiti na yule mama, na haziendi mbali zaidi ya hapo.

Jambo la tatu ndilo ninaloliona kuwa la thamani kuliko yote. Baada ya mavuno tuliamua kununua mahindi kwa pamoja, bei ya shamba. Kila kaya ilipelekewa bahasha isiyo na jina. Mwenye uwezo anaweka pesa za debe lake na zaidi, asiye na kitu anairudisha imefungwa hivyo hivyo tupu. Magunia yalipofika kila kaya ikachukua debe zake sawasawa, na nani alilipa hakuna anayejua mpaka leo. Hakukuwa na foleni ya wahitaji wala picha za kupokea msaada. Yule dereva alikuja kuchukua mahindi yake, na Jumamosi iliyofuata akaja kusali.

Mapema 2021 ndipo mauti ilipotukaribia. Januari 26 rais wa Baraza la Maaskofu, Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, alitoa barua ya kutahadharisha juu ya wimbi jipya. Machi, Katibu Mkuu wa Baraza, Padre Charles Kitima, akasema hadharani kwamba ndani ya miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 wamefariki kwa matatizo ya kupumua. Fikirieni hilo kwa upande wa mgonjwa anayesubiri mpako mtakatifu. Mapadre waliobaki walikuwa wanakimbia huku na huko. Aliyebaki karibu na kitanda alikuwa jirani wa jumuiya, na barakoa yake na chupa ya chai. Tulikuwa tayari tunajua nani anakaa wapi na anaumwa nini, kwa sababu tulishaanza kutazamana tangu wakati wa njaa.

Naomba tujadiliane. Kwenu ilikuwaje? Na je, ni halali mtu aogope jumuiya kwa sababu ya mchango?

---

Mhazini_Kigango

Milele amina. Mkuu, nimekusoma mpaka mwisho na suala la mahindi nimelipenda. Lakini nizungumze kwa niaba ya sisi tunaoshika hayo madaftari, maana kila siku tunasemwa.

Bati za kanisa hazishuki mbinguni. Katekista wetu ana watoto wanaosoma. Umeme, divai, hostia, mafuta ya pikipiki ya padre kwenda vigango vya mbali, mchango wa seminari: vyote vinatoka kwa waamini hao hao. Enzi za wamisionari, misaada ya Ulaya ilikuwa inajenga. Enzi hizo zimekwisha, na ni vizuri zimekwisha, Kanisa ni letu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 222, inasema waamini wanawajibika kulitegemeza Kanisa. Na uzoefu wangu ni huu: usiposoma majina, wanaoweza ndio wanaojificha nyuma ya wasioweza.

---

Binti_wa_Mbeya

Ndugu Mhazini, mimi sina ugomvi nawe, ila nataka usikie upande wa pili.

Baba yangu aliugua muda mrefu. Fedha zote ziliishia hospitali, na jumuiyani alikuwa hafiki kwa sababu hakuweza kutembea. Alipofariki, kaka yangu alikwenda kuomba padre aje kwa ibada ya mazishi. Akaambiwa kwanza aonane na viongozi wa jumuiya. Kule akafunguliwa daftari: miaka kadhaa ya michango haijalipwa. Mwili uko ndani, wageni wamefika kutoka mikoani, sisi tunapitisha kofia kulipa deni la marehemu ili apate kuzikwa kikristo. Tulilipa, akazikwa. Parokia siitaji wala sina kinyongo na mtu.

Ila mama yangu tangu siku ile akisikia neno jumuiya anajifunika kanga usoni. Na hao viongozi walikuwa majirani zetu. Katika muda wote wa ugonjwa hakuna aliyefika kumtazama mgonjwa. Walilijua jina lake kwa sababu ya deni tu.

---

Mwanajumuiya_Arusha

Pole sana dada yangu. Mungu amrehemu baba.

Mhazini, umetaja kanuni ya 222 na umesema kweli, lakini isome mpaka mwisho. Kifungu chake cha pili kinawawajibisha waamini hao hao kuwasaidia maskini. Sehemu zote mbili zinatufunga. Kisha nenda kanuni ya 1184, inayoorodhesha wanaonyimwa mazishi ya Kanisa: walioikana imani hadharani, waliochagua kuchomwa mwili kwa kupinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kungekuwa kashfa kwa waamini, tena hao wote ikiwa hawakuonyesha dalili yoyote ya kutubu. Mwenye deni la mchango hayumo. Kanuni ya 1181 inakataza maskini kukosa mazishi yanayostahili. Ya 848 inasema mhitaji asikose sakramenti kwa sababu ya umaskini.

Kwa hiyo alichofanyiwa mzee wa dada yetu hapa hakina msingi katika sheria ya Kanisa. Ni mazoea, na yamekomaa kwa sababu viongozi wa jumuiya wanatafuta mahali pa kumbana mtu, na penye kubana kuliko pote ni msibani. Nalisema hili kwa uchungu. Kumbana mfiwa mwili ukiwa ndani ni dhuluma.

---

Mkristo_Nakuru

Salamu kutoka Kenya. Niruhusuni niongeze ya kwetu, kwa sababu sisi kanisa lilifungwa kabisa.

Machi 2020 ibada za hadhara zilisimamishwa, kafyu ikaanza, na mazishi yakawekewa kikomo cha watu 15. Kwa familia iliyozoea kuzikwa na kijiji kizima, hiyo ilikuwa kama kumzika mtu kwa siri. Julai tukafunguliwa kwa masharti: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, walio chini ya miaka 13 na waliopita 58 wabaki nyumbani. Machi 2021 kaunti yetu ilikuwa kati ya zile tano zilizofungiwa ibada tena, pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado, hadi mwanzoni mwa Mei.

Watu waliumia kwa sababu ya Misa, na ni haki. Mimi kilichonigusa zaidi ni hao wa miaka 58 na zaidi. Ndio wanaoongoza Rozari, ndio wanaojua nani ameoa wapi na nani hana baba. Ghafla waliambiwa wakae nyumbani. Shosho mmoja wa jumuiya yetu, mjane, alikuwa akiuliza kila Jumapili, "Hata leo sijatimiza umri?"

Tulichofanya ni simu. Vijana walipewa kila mmoja wazee wachache wa kuwapigia jioni. Wanasomeana Injili, wanaulizana dawa zimebaki ngapi, kisha kijana anaomba na mzee anabariki. Sadaka zilipitia M-Pesa na zilipungua sana, hilo ni kweli Mhazini. Lakini baadhi ya hao vijana hawakuwa wakija jumuiyani hata kidogo kabla ya hapo, na sasa ndio viongozi. Wanasema waliingia Kanisani kupitia sauti ya mzee kwenye simu.

---

Mzee_wa_Usharika

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Mlutheri, KKKT, upande wa Moshi. Tatizo mnalolisema tunalo pia, bahasha zetu zina namba na kila mtu anaijua ya mwenzake.

Ila nawapa jambo moja. Sisi tuna mnada baada ya ibada: asiye na fedha analeta ndizi, mayai, kuku, maziwa, vinauzwa pale nje na pesa inakuwa sadaka. Mwaka ule wa korona, watu wa mlimani walipokosa kazi, baadhi ya wenye kipato walianza kununua kuku kwa bei nzuri, kisha wanamnong'oneza mzee wa kanisa, "Mpeleke kwa mama fulani." Kuku yule anaweza kuuzwa mara mbili, usharika ukapata, na mwishowe akaingia kwenye sufuria ya mjane. Hakuna kamati iliyokaa kulipanga. Mchungaji alipoligundua alilinyamazia, na alifanya vema, maana lingetangazwa lingekufa.

Halafu tukumbuke Matendo sura ya 6. Manung'uniko ya kwanza ndani ya Kanisa yalihusu chakula: wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wajane wavumilie. Walichagua watu saba wenye sifa njema, wakawawekea mikono kwa kazi hiyo. Kugawa chakula kulihesabiwa kuwa kazi ya kuwekewa mikono. Sisi leo tunamwekea nani mikono kwa kutazama wagonjwa?

---

Katekista_Mstaafu_Bukoba

Wanangu, mmenikumbusha mbali.

Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogunduliwa, mwaka 1983, na sisi tulikuwa tumetoka tu kwenye vita vya Amin. Wakati ule hapakuwa na dawa. Watu waliogopa hata kumnawisha mgonjwa. Wapo waliosema ni adhabu, na waliosema hayo wengine walikuwa viongozi wa dini.

Walioingia ndani ya nyumba zile walikuwa kina mama wa jumuiya. Wanafua matandiko, wanapika ebitooke, yaani ndizi, wanamgeuza mgonjwa kitandani, wanakwenda shambani kwake kupalilia migomba ili watoto wapate kula. Mgonjwa akifa, na mara nyingi mwenzi wake anamfuata, watoto wanabaki na bibi. Hapo jumuiya inakaa: huyu atalala kwa nani, huyu sare atashonewa na nani. Kwa miaka ile sikuona hata mara moja mtu akifungua daftari kabla ya kubeba jeneza. Tungefungua, tungezika nani?

Mwanajumuiya, unaloliomba lilikuwepo. Halihitaji kubuniwa upya.

---

Mhazini_Kigango

Shikamoo Katekista.

Dada wa Mbeya, samahani kwa yaliyowapata. La mazishi naliondoa kwenye ubishi. Nakubali kabisa, na nitalipeleka Halmashauri ya Walei: deni la marehemu lisitajwe msibani, wala siku arobaini baada yake.

Kuhusu majina bado sijashawishika. Naomba Mwanajumuiya anieleze hivi: mlipoacha kusoma majina, makusanyo ya parokia mliyapataje? Maana parokia haikuwapunguzia, si ndiyo?

---

Mwanajumuiya_Arusha

Katekista, shikamoo, na asante. Umenipa nguvu.

Mhazini, swali zuri. Mwaka ule wa 2020 tulipungukiwa, na tulimwandikia paroko barua kueleza kaya ngapi hazina kipato, bila majina. Alituelewa na akatuongezea muda. Baada ya hapo tulitenganisha mifuko miwili. Wa kwanza ni wa parokia: zaka, ujenzi, seminari, yale uliyoyataja. Wa pili ni wa wagonjwa na wahitaji wa jumuiya, na huo haukopwi kujazia wa kwanza hata tarehe ikiwa imefika shingoni. Zamani ulikuwa mfuko mmoja, na kila mara ujenzi ulimeza wagonjwa.

Hofu yako kwamba wenye uwezo watajificha ina ukweli. Wapo. Kwa hao, mhazini na mwenyekiti wanakwenda nyumbani, wanakaa, wanazungumza naye ana kwa ana. Inachosha na inachukua jioni nyingi. Ila ukifika kwa mtu ndipo unapojua kama ni mbishi au ameachishwa kazi anaona haya kusema. Ukisoma jina lake kwenye kikao, hao wawili wanafanana.

Utalii uliporudi, mfuko wa pili ndio uliokua haraka kuliko wa kwanza. Wanaouchangia zaidi ni wale waliowahi kurudisha bahasha tupu, nadhani, maana sina namna ya kujua. Wa kwanza nao umerudi ulipokuwa, na tumemaliza deni la parokia.

Kama unataka, nitumie ujumbe wa faragha nikupe mfano wa daftari tunavyoligawa: ukurasa wa parokia, ukurasa wa wahitaji, na ukurasa wa kutembelea wagonjwa, ambao haujaandikwa hela hata moja. Huo wa mwisho ndio tunaoufungua kwanza kila Jumamosi, kabla ya matangazo. Mgonjwa aliyetajwa lazima apate mtu wa kwenda kwake siku hiyo hiyo, na kikao hakifungwi mpaka huyo mtu apatikane.

---

Mhazini_Kigango

Nitumie. Na ule utaratibu wa bahasha za mahindi nao, pamoja na jinsi mlivyokokotoa bei ya debe na usafiri. Kwetu huku mvua imekuwa mbaya, na nina kaya kama nne ninazozifikiria tangu nilipoanza kusoma uzi huu.